Njia ya Lich

Jumatatu, 3 Februari 1958
Edmund kafariki alfajiri. Kaka yangu pekee. Chini ya kikombe chake nimekuta kikaratasi: apelekwe kanisani mabegani mwa watu, kwa Njia ya Lich, ile njia ya kale ya kupitishia maiti, si kwa gari. Ndiye yeye huyo! Miaka arobaini akifundisha, na jioni zote akikusanya maneno ya kale ya Kiingereza kwenye kadi. Nimelia, nikacheka, nikalia tena.

Jumanne, 4
Njia inakatiza malisho ya Isaac Fearon. Babu yake aliifunga, na geti lina kufuli hadi leo. Fearon kanipa pole, tena ya dhati. Lakini kufungua geti, hapana — huku wanaamini maiti ikipita shambani mara moja tu, njia ni ya umma milele.
"Akipita Edmund leo, Bi Ada, kesho itapita nusu ya wilaya na mbwa zao. Na kondoo wangu wanakaribia kuzaa."
Nikamwambia Edmund ni mmoja, na hana mbwa. Akatazama viatu vyake. Sikuweza kumchukia.

Jumatano, 5
Karani wa halmashauri kasema kwa simu: sheria hiyo haipo, haijawahi kuwepo. Nikamfikishia Fearon.
"Karani hakumjua babu yangu."
Basi.

Alhamisi, 6
Nimeipata kadi ya "lich". Mwandiko mdogo wa Edmund. Hapo kale neno lilimaanisha mwili tu, wa mzima au wa mfu. Karne zikapita, wazima wakajitoa, likabaki la wafu peke yao. Chini, kwa penseli: neno letu la leo "like", yaani kufanana, lina asili hiyohiyo. Kufanana na mtu ni kuwa na mwili kama wake.
Nimeisoma nimesimama jikoni, chai ikapoa. Kisha nikaenda kuipenyeza chini ya mlango wa Fearon. Sikuongeza neno.

Ijumaa, 7
Nimepata wabebaji sita.

Jumamosi, 8
Mvua. Jeneza liko sebuleni. Wabebaji wamefika watano. Wa sita kaamka na homa. Gari linasubiri barabarani, endapo itashindikana.
Kutoka dirishani namwona Fearon getini, upande wake. Kufuli halijaguswa. Amesimama kwenye mvua bila kofia — na kavaa koti lake jeusi la kanisani.
Kasisi anauliza tungoje, au twende na gari. Nimemwambia tungoje, huenda bega la sita liko getini.