Zile Chembe za Chanjo Hazikuwa Vumbi

Na lile neno la chembe za chanjo, Tata, baba yangu, kumbe nilikupotosha bure. Pokea kwanza salamu zangu na za mkwe wako, ambaye tangu arusi ananitolea samaki miiba kama malkia. Nina furaha hata naona haya.

Jana hapa Kapata tulikula ugali wa bukari kwa mama mkwe, muuguzi wa chanjo. Nikamweleza kwa majivuno jinsi nilivyokutoa kwenye foleni ya chanjo ya korona huko Kisenge, kwa kuwa redio ilisema ina chembe ndogo zisizoonekana, nami nikadhani ni vumbi kama lile la mgodi wa manganizi lililokula kifua chako. Akaacha kutafuna.

“Ee mutoto! Haiko vumbi. Ni matone ya mafuta, kidogo sana, macho haione. Inafunika dawa isiharibike mu njia, inaamsha askari za mwili. Balikufundisha nini ku masomo?”

Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa. Mimi nililia. Ulitoka kwenye foleni ukisema, “Binti yangu amesoma,” na wazee wawili wakakufuata. Mpaka leo kifua hicho hakina kinga, kwa ajili yangu.

Mama mkwe anasema huko Kisenge bado wanachanja. Nakupenda kuliko ninavyoweza kuandika. Kabla mwezi huu haujaisha nitafika, niwaambie mwenyewe wale wazee kwamba msomi alikosea, kisha tupange foleni sote wanne.