Kaburi Ninalolipalilia

Somo yangu Rehema,

Sijui barua hii itakukuta wapi, kwa hivyo nimeiandika mara tatu. Moja nimeibandika mlangoni mwa chumba chetu cha kusomea hapa Msambweni. Ya pili iko Ukunda, kwenye duka ulilozoea kununua sabuni. Ya tatu amekwenda nayo dereva wa lori hadi Mackinnon Road, maana ulisema huko ndiko mnakoshukia mkienda kwenu. Watu watasoma. Na wasome.

Unaikumbuka siku ya kwanza? Uliingia na sare yako ya dobi wa hoteli ya Diani, ukaniambia "Sasa", mimi niliye rika la shangazi yako. Nilikutazama tu, hata ukajirudi mwenyewe: "Shikamoo, mama." Ulipotaja jina lako nikacheka, nikakwambia kwetu watu wa jina moja huitana somo, na somo hakai na njaa mbele ya somo yake. Ukala mahamri manne. Nilikupenda siku ile ile, wallahi, ndiyo maana yaliyofuata yananiuma hivi.

Nikakuonyesha Kitabu cha Mji, alichokianzisha marehemu baba alipostaafu ualimu. Kila aingiaye huandika anachokijua kuhusu pwani hii: samaki, miti, visima, makaburi ya koo. Nikakueleza na desturi yake. Neno la mwenzio ukiliona si sahihi hulifuti; unalipiga mstari mmoja mwembamba ili lisomeke bado, unaandika lako pembeni, unatia jina. Ukaniitikia, "Sawa somo, nimeshika."

Hukushika lolote. Mwezi haukuisha kitabu kimejaa kalamu yako ya kijani, herufi kubwa kama tangazo la mkutano. Uliwasahihisha wavuvi wa Wasini juu ya samaki wao tafi, wewe uliyemwona tafi mara ya kwanza kwenye sahani ya hotelini. Mti wetu mmoja ukaubatiza jina la kikwenu. Watu wakanijia juu: huyu mgeni wako anatuharibia kitabu, na wewe umekaa tu. Baba alikuwa akiniambia, "Mgeni akiharibu ukurasa mkalishe, umwonyeshe mstari. Usimnyang'anye kalamu." Nilikukalisha mara mbili. Ulikuwa ukiitikia kwa kichwa kama umekubali, kisha unarudi yale yale.

Mara ya tatu ulikuwa ukurasa wa makaburi. Juu ya majina ya wazee wetu, si pembeni, juu kabisa, uliandika watu wa bara waliofia huku wakazikwa nyuma ya mikanju ya korosho, kwenye makaburi ya wasio na jamaa. Vibarua, wapishi, mlinzi mmoja. Majina kumi na moja, na kila jina na hatua ulizozipiga mwenyewe kutoka mkanju wa kati. Ulikuwa umehudhuria maziko yao yote, tena ukiwasitiri kwa shuka kuukuu ulizowaombea hotelini.

"Hawa nao wako kwenye mchanga wa hapa, somo," ukaniambia. "Nani atawaandika?"

"Si juu ya jina la bibi yangu," nikakujibu, nikakupokonya kalamu. Nikakwambia na mengine ambayo sitayarudia, ya kwamba urudi ulikotoka ukajifunze kuishi na watu. Ukurasa wa pili ulikuwa mtupu, Rehema. Ningekufunulia tu.

Ulipoondoka nilikoroga gundi ya unga wa ngano, nikayafunika majina yako kwa karatasi ya kaki. Sikupiga mstari. Nilifunika. Ulirudi mara mbili ukasimama barazani, nami nikajifanya napanga magazeti. Kisha watalii wakaacha kuja, hoteli zikapunguza watu, wa bara wakafunga mizigo kwa hofu ya kushambuliwa. Asubuhi moja nikaikuta ile kalamu ya kijani dirishani, imefungwa kwa kitambaa cheupe. Hukuniaga, na sikustahili kuagwa.

Ikaja ile mvua kubwa iliyokata barabara. Nyuma ya mikanju vilima vyote vya makaburi vikalala, misalaba ya mbao ikaenda na maji. Sikujali. Hawakuwa wangu.

Mvua ilipokwisha wakaja wazee wawili kutoka bara, mume na mke, wenye matope hadi magotini. Mama akatoa barua kifuani. Ilikuwa yako, uliwaandikia zamani, kabla sijakufukuza: mwanenu ameandikwa kitabuni, mkifika muulizeni somo yangu.

Nilikwenda chumba cha ndani nikaibandua ile karatasi kwa mvuke wa birika. Mende walikuwa wameifuata gundi. Walikula unga, wakala na ukurasa. Kati ya majina kumi na moja lilibaki moja na nusu, na la mwana wao halikuwamo.

Ningewaambia. Nilitoka nikiwa nimekusudia kuwaambia. Lakini yule mama aliinuka kunipokea akaniita "mama Rehema wa kitabu". Nikawachukua hadi kwenye mikanju. Mchanga mtupu, umetandaa. Akaniuliza, "Ni lipi?"

Nikanyoosha kidole, somo. Mahali tu. Akapiga magoti pale, akachota mchanga kwenye kilemba chake akaufunga fundo, na mumewe akavua kofia. Akaniomba nimpalilie mwanawe. Nikamwambia nitampalilia.

Nampalilia kila wiki. Watu wananisifu kwa hilo, na kila sifa inanichoma. Yule mama hutuma salamu kwa madereva: msalimie mwanangu. Basi mimi huinama nikamsalimia nisiyemjua, na kila mara nahisi mtu amesimama nyuma yangu, kimya, anangoja nimalize anitajie jina lake. Nikigeuka hakuna mtu. Nimeacha kugeuka.

Wazee wale wakiisoma barua hii kabla yako, nawaomba radhi mbele ya kila mtu. Sikuwa na uso wa kuwaambia.

Nimefungua ukurasa mpya wa makaburi, na kalamu yako nimeifunga pale kwa uzi. Njoo uandike. Herufi kubwa upendavyo, juu ya lolote, hata juu ya jina la bibi yangu. Na kama miguu haikuleti, nitumie jina moja tu, la aliyelala hatua tisa kutoka mkanju wa kati, upande wa bahari. Nimjue ninayempalilia. Kisha uniambie yuko wapi mtoto wa yule mama, ambaye hadi leo hana wa kumpalilia.

Ni mimi,
somo yako