Mama, Hakuwa Shangazi Rozali

Mama,

Juzi nimerudi kutoka Moba. Nimemwona Shangazi Rozali. Kuna jambo ambalo sikukuambia ulipokuwa hai, na tangu nimwone siwezi tena kukaa nalo. Nivumilie nianze mbali kidogo. Nikianza nalo moja kwa moja, nitaiacha kalamu.

Unakumbuka jicho lile la kushoto. Ulikuwa unashona sare za watoto wa darasa langu, ukasema kuna ukungu umeingia, na kuligeuza kunauma. Tukadhani ni uchovu wa uzi na sindano. Baada ya wiki chache likapona lenyewe, ukamaliza sare zote. Mwaka uliofuata ikawa miguu. "Sifa, niko kama mutu amesimama ndani ya ziwa mpaka kiunoni," uliniambia, nawe umeketi kwenye kiti sebuleni. Kisha umeme ule. Kila ulipoinamisha kichwa juu ya mashine, kitu kilikupiga toka shingoni mpaka vidole vya miguu. Mara ya kwanza ulicheka. "Umeme wa bwawa la Bendera umefika mpaka ndani yangu!"

Kilikuja, kikaondoka, kikarudi. Hicho ndicho kilichotuharibu akili. Homa tunaijua, kuhara tunakujua. Lakini ugonjwa unaokuacha mwezi mzima ucheze na kwaya, halafu siku moja unakuangusha mlangoni, huo tuliupa jina lingine.

Shangazi, dada yake Papa, alikuwa anaishi nasi tangu tumzike Papa. Yeye ndiye aliyekubeba. Kila alasiri alichemsha majani ya mkaratusi, akakuogesha maji ya moto ili miguu ilegee. Na ndani ya maji yale, Mama, macho yako yalizimika. Mara ya kwanza ulipiga kelele: "Rozali, sioni!" Tulikulaza, ukapoa, macho yakarudi. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nikaanza kumwangalia Shangazi mikono.

Wale mama wa kikundi cha maombi walipokuja, mmoja alisema mtu wa ndani ya nyumba ndiye anayekufunga kwa uchawi. Hakutaja jina. Ni mimi niliyeuliza mbele ya wote: "Nani anamuogesha?"

Mengine yalikwenda haraka. Ilikuwa Jumamosi, mchana kweupe. Vikwembe vyake vya kujifunga vilitupwa nje pamoja na sufuria yake. Watu wa avenue yetu, mtaa mzima, walisimama kutazama. Shangazi hakutukana mtu. Alikuja mpaka dirishani kwako akasema, "Mama Sifa, na wewe?" Ukageuza uso ukutani. Akabeba furushi lake kichwani, akashuka bandarini, akapanda boti ya Moba.

Nikaanza kukuogesha mimi, kwa maji baridi, maana yale majani niliyaogopa. Macho hayakuzimika tena. Kila mtu akasema: munaona? Hata mimi nikasema: munaona.

Halafu malaria ikakupiga, na malaria ilipotoka, miguu yote miwili ikafa. Hapo ndipo tulipokwenda hospitali Lubumbashi. Wakakuingiza ndani ya ile mashine ya kupiga picha za kichwa, wakakutoboa mgongoni kuchukua maji. Dokta alikuwa msichana, mdogo kuliko mimi. Alikaa kitandani kwako kama mtu wa nyumbani. Akasema jina la Kifaransa, sclérose en plaques, na kwamba yeye mwenyewe ameona wagonjwa wachache sana wa namna hiyo.

Alikueleza polepole, na mimi nilikuwa natafuta kosa katika maneno yake. Alisema mwili una askari wake, ndio hao wanaopigana na malaria na vidonda. Askari wako wamemwona mwenye nyumba, wakamwita adui. Ubongo na uti wa mgongo vina ukuta wake, na askari hao hawapaswi kuuvuka ovyo, lakini hao wako waliuvuka. Huko ndani wamekwangua utando wa mafuta unaofunika mishipa ya fahamu. Mshipa ukibaki uchi, habari kutoka kichwani kwenda mguuni inachelewa, au inapotea njiani. Wakitulia, mwili unajaribu kutengeneza utando upya, ndiyo maana jicho lilipona. Lakini makovu yanabaki, na mengine hayatengenezeki. Na malaria, alisema, yawezekana iliwaamsha askari wote kwa pamoja, wakarudi kazini pale pale walipokosea.

Ulisikiliza mpaka mwisho. Kisha ukauliza, kwa sauti ndogo, "Dokta, na maji ya moto?"

Akatabasamu, maskini, hakujua swali lile lilimhusu nani. Alisema joto linafanya mshipa uliokwanguliwa ushindwe kabisa kupitisha habari. Hata jua kali, hata homa. Mwili ukipoa, macho yanarudi. Hakuna aliyekufanyia kitu.

Dokta alitoka. Ulimfuata kwa macho mpaka mlango ukafungwa. Halafu ukasema neno moja tu: "Rozali."

Sasa ndiyo nafika, Mama.

Waliwatuliza askari kwa dawa ya mshipani ya siku chache, ukapata nguvu kidogo ya mikono. Dawa ile nyingine ya kuwazuia wasirudi, dokta alisema huku kwetu Kalemie hatutaipata, na hatukuipata. Tulirudi nyumbani, na siku ile ile uliniambia, "Pigia Rozali. Muambie aje. Kama hawezi, mimi nitabebwa kwa boti." Nilikuwa na namba yake. Nilitoka nje na simu, nikasimama nyuma ya jiko, nikaiangalia ile namba. Ningesema nini? Mimi mwalimu, ninayefundisha watoto wa watu wasisingizie wenzao? Nikarudi ndani nikakuambia simu haipiti.

Kesho yake uliuliza tena. Nikasema haipiti.

Mama, nilikudanganya miezi mitano. Sikupiga hata mara moja.

Ulianza kukabwa na chakula, maji yanakwenda njia mbaya, kisha kikohozi kikashuka kifuani na hakikutoka. Ile Jumanne asubuhi, nilipokuwa nakuinulia mto, ulifungua macho ukaniuliza, "Imepita?" Nikajibu, "Bado, Mama." Ukafunga macho. Ukaenda nalo hilo "bado" langu.

Kwenye matanga watu walisema muchawi wa Moba amemaliza kazi. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka pamoja nao. Nilinyamaza.

Ni baada ya mwezi na nusu ndipo nilipopanda boti. Nilimkuta Shangazi anaanika mihogo. Amekonda. Aliponiona alishika ukingo wa meza, akadhani labda nimeleta watu wa kumpiga. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: askari, mishipa, maji ya moto. Aliniacha nimalize.

"Alijua?" akaniuliza. "Mbele ya kufa, alijua hapana mimi nilimuroga?"

"Alijua, Shangazi. Alikuita kila siku."

Akakaa chini, palepale kwenye vumbi. Alilia bila sauti. Kisha akapangusa uso na kikwembe, akaniangalia.

"Na wewe ulijua tangu lini?"

Nikamwambia. Na simu pia nikamwambia.

Hakunipiga, hakunifukuza. Alisema, "Hiyo ya kunitupa nje, mulikuwa wapumbavu wote. Lakini hii ya simu, Sifa, hii njo yako peke yako." Akarudi kwenye mihogo yake. Nililala kwake siku mbili, akinipa chakula na kunisemesha kwa shida. Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka kwenye boti. "Kwenye kaburi nitakuja. Kwa nyumba ile, siingii."

Anafika Jumapili. Nimekwisha kupita nyumba kwa nyumba kwenye avenue yetu, nikasema nilichofanya na ugonjwa wako ulikuwa nini. Wengine walinisikia. Wengine walifunga mlango, na nitarudi kwao, hata ikichukua miaka. Hiyo naahidi, Mama, na safari hii si ahadi ya mdomo tu.

Nitamleta mpaka ulipolala. Nitamwonyesha msalaba wako, kisha nitarudi nyuma mpaka barabarani, nisisikie. Yatakayosemwa pale ni yenu wawili.

Pumzika, Mama.

Mwanao,
Sifa