Upande wa Pili wa Ubao

Tiruppur, 9 Juni

Amma mpenzi,

Hujambo? Miguu bado inakusumbua, au yale mafuta yamesaidia? Sisi wazima, ila mgongo wangu tu. Kiwandani tunashona jezi za wanamichezo kutwa nzima, na mimi sijawahi kukaa nikatazama mchezo hata mmoja.

Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu hunisikii, unaitikia tu "ndiyo, ndiyo." Mwalimu wa Yazhini anataka kila mtoto awafundishe wenzake michezo miwili, mmoja wa siku hizi na mmoja wa zamani wa kwao. Wa siku hizi anao, mpira wa vinyoya. Akitoka shule anaupiga ukutani peke yake mpaka nirudi saa moja. Jirani kaniambia, "Mwanao anautwanga ukuta kama umemtukana." Nilimkataza. Kesho yake nikamruhusu tena. Angefanya nini?

Wa zamani nimemwambia ni palanguzhi, lile bao letu la mbegu. Sheria nimezisahau. Mlikuwa mnacheza wewe na Appa, baba alipokuwa hai, mimi nikiiba mbegu. Tuandikie, tafadhali.

Nafurahi jirani yako Sornam bado anakuja kila mchana mcheze. Nikilijua hilo, nalala.

Mwanao,
Poongodi

Kijijini, 21 Juni

Mwanangu Poongodi,

Salamu zako zimefika. Mimi mzima, mbuzi mzima, miguu ni ya kizee, usiulize. Unakula mchana, au unakunywa chai tu? Usinijibu uongo.

Ubao wenyewe nimempa kondakta wa basi, nimeufunga kwa sari kuukuu. Mashimo saba huku, saba kule. Mbegu za ukwaju zimo kwenye kikopo. Mjukuu wangu asizitafune kama mama yake.

Sheria ni hizi. Panga mbegu upande wako: saba, sita, tano, hivyo hivyo mpaka moja. Chota shimo lenye saba, gawa moja moja kuzunguka upande huo huo, ya mwisho iangukie ulipochota. Sasa shimo linalofuata lina saba. Chota tena. Endelea mpaka mbegu zikae kama zilivyokuwa mwanzo, kisha anza upya. Mchana unaisha.

Sornam anawasalimu.

Mama yako

Tiruppur, 3 Julai

Amma mpenzi,

Hujambo? Sisi wazima. Ubao umefika, unanuka moshi wa nyumbani.

Yazhini aliupeleka shule, akarudi amekununia, wewe bibi yake. "Aachi ameniaibisha! Kavin alikaa upande wa pili, akangoja, akangoja, akasema, 'Mimi nacheza lini?' Darasa zima likacheka."

Nikaichukua barua yako nikaisoma tena. Kweli, mwenzake hayumo.

Amma, ulichoandika ni bao la Sita, yule malkia wa hadithi, lile alilojichezea alipofungwa peke yake kwenye bustani ya jitu Ravana. Ulinifundisha nilipougua tetekuwanga, nimetengwa chumbani, majani ya mwarobaini mlangoni. Wawili hawachezi hivyo.

Sasa nakuuliza, nawe usinijibu uongo: Sornam alikuja mara ya mwisho lini?

Nimeshamwomba msimamizi ruhusa ya siku mbili. Tunakuja kukuchukua. Chumba kidogo, tutabanana. Yazhini atakuwa na mtu wa kumfungulia mlango. Siombi, nakuambia.

Mwanao,
Poongodi

Tiruppur, 30 Julai

Amma,

Hujambo? Wiki nne hujajibu. Juzi kwenye simu nilikuuliza kama unakuja, ukasema "ndiyo, ndiyo." Nikakuuliza kama una hasira, ukasema "ndiyo, ndiyo."

Yazhini amerudi ukutani. Ubao uko juu ya kabati.

Andika hata mstari mmoja.

Poongodi

Kijijini, 10 Agosti

Mwanangu,

Mimi mzima. Hasira sina. Nilikuwa na aibu.

Sornam alihamia Chennai kwa mwanawe mwaka juzi, kabla ya sikukuu ya Pongal. Sikukuambia kwa sababu kila mara huandika kwamba ukijua yupo, unalala. Na wewe usingizi wako ni mdogo.

Sikukusudia mjukuu wangu achekwe. Nilishika kalamu, mkono ukaandika unachokijua. Sikukumbuka kwamba kuna wa pili.

Kuja siji, usimsumbue msimamizi. Nani atamwashia Appa yako taa mlangoni jioni? Njooni nyinyi Pongal, mtanikuta.

Za wawili nimezitafuta kichwani siku tatu. Kila shimo mbegu tano. Gawa, ukimaliza mkononi, chota shimo linalofuata uendelee. Ukilikuta tupu, mbegu za shimo la mbele yake ni zako, umekula. Hapo unasimama, anacheza mwenzako. Hilo la mwenzako nimelipigia mstari.

Mimi nimechimba mashimo kumi na manne uani. Mbuzi amekula mbegu mbili, nimeweka kokoto. Mwambie Yazhini ashushe ubao kabatini, aupange kama wangu, ukuta upumzike. Nimeanza mimi, shimo langu la tatu. Acheze, kisha aniandikie ni shimo gani.

Msichelewe. Mkono huu umezoea kucheza zamu za wote wawili.

Mama yako