Kadi ya Mama Yako

Chumba Na. 4,
Nyuma ya Kiwanda cha Magodoro,
S.L.P. 218.
9 Machi

Mpendwa mwanangu,

Hujambo wewe? Baba watoto je, na yule mtoto wenu mdogo, kikohozi kimemwachia? Ulipopiga simu mara ya mwisho nilikisikia nyuma yako, na tangu siku ile nakiwaza. Mfunike kifua vizuri.

Mimi mwili hauna neno. Cherehani inakwenda, nimeshona sare za shule mbili mpaka vidole vinauma. Chumba cha mama yako nakifagia kila Jumamosi. Nguo zake nimezikunja, sijampa mtu.

Barua yako ya malalamiko nimeipata. Umeniagiza niipeleke kwa mganga mkuu wa kliniki, ili muuguzi aliyetia sahihi kwenye kadi ya mama yako aeleze ilikuwaje vipimo viwili vya mlango wa kizazi, mwaka juzi na mwaka jana, viandikwe "salama", kisha mama afe kwa saratani ya hapo hapo. Umeuliza swali la haki. Barua ninayo hapa mezani, chini ya mkasi. Sijaipeleka, na leo nakueleza kwa nini.

Kwanza ujue jambo ambalo katika ukoo mzima alilijua mama yako peke yake. Mimi nami natumia dawa za UKIMWI kama yeye, mwaka wa kumi na moja sasa. Tangu kaka yangu, baba yako, atuache, tumeishi ukuta mmoja. Kila saa moja jioni wifi alimeza kidonge chake, akagonga ukuta. Nami nikameza changu, nikagonga. Tulijiita mapacha wa kidonge.

Damu yake ilikuwa nzuri, virusi havionekani, kinga imepanda. Alitembea na lile jibu kama mtoto aliyefaulu mtihani. Ndipo tukaitwa kwenye utafiti. Daktari alitueleza kwamba dawa ikishatuliza damu, si lazima kinga ya njia ya uzazi nayo iwe imerudi sawasawa. Kule ndani askari wa mwili wanaweza kuchelewa, na kirusi kingine, kile kinacholeta saratani, kikapata pa kukaa. Kwa hiyo walitaka damu ya mkononi, na mara moja kwa mwaka utelezi wa ndani kwa kijiti cha pamba, na mlango wa kizazi uangaliwe.

Damu alitoa bila neno. Kijiti hakukitaka. Mshauri wa kliniki akamtania ukumbini, "Mama, mficha uchi hazai." Mama yako akamjibu, "Mimi nimeshazaa, niache nifiche." Watu wote walicheka. Lakini nje, kwenye benchi, alikaza kanga kiunoni, akaikaza tena. Tangu alipokuzaa kwa shida na kushonwa vibaya, hakutaka mtu aone pale. Aliona haya kuvua, akaona haya pia kuwakatalia watu waliomtendea wema.

Nikamwambia, "Lete kadi. Si tunameza dawa ile ile? Nitaingia mimi." Niliona nimemsaidia. Siku yake haikuwa siku yangu, wanawake walikuwa wengi, wote tumevaa barakoa, na muuguzi wa chumba cha ndani husoma namba ya kadi tu. Tunamwita Sista Pole, maana hakugusi kabla hajakwambia pole. Nikalala mezani, nikapewa pole iliyokuwa ya mama yako. Mwaka uliofuata nikarudia, na njiani tukacheka mpaka tukakaa chini.

Kwa hiyo majibu yale ni ya kweli, mwanangu, ila ni yangu. Mlango wa kizazi wa mama yako hakuna aliyeuona mpaka damu ilipoanza kumtoka, na hapo daktari wa hospitali akasema tumechelewa. Hata kitandani hakunilaumu. Alinishika mkono akasema, "Wifi, usimwambie mtoto." Nimemtii miezi mitano, na kutii huku kumeniondolea usingizi. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi ambaye sikuzaa, nimempata huyo.

Sikuweza kumwacha Sista Pole afukuzwe kazi kwa kosa langu. Alhamisi nilikwenda nikamweleza. Akaniambia pole. Nililia mbele yake kuliko nilivyolia makaburini. Amesema lazima awaambie wakubwa wa utafiti, nami nimekubali kuandika maelezo na kutia sahihi.

Barua yako naituma pamoja na hii. Ukitaka kuiandika upya, pale penye jina la muuguzi weka langu. Na wewe, ingawa huna ugonjwa wetu, nenda ukaangaliwe, na uingie mwenyewe.

Msalimie baba watoto, nibusie watoto wote wawili. Fundi viatu jirani yetu anakusalimu, na bibi wa ghorofani hachoki kukuuliza. Mungu akulinde huko uliko, akupe moyo wa kunisamehe, na kama haukuja, akupe ujasiri wa kuniambia wazi.

Nakupenda. Neno "shangazi" sikuliandika hapa chini. Nakuachia wewe useme kama bado ni langu.

Niliyelala mezani mahali pa mama yako.