Kitenge cha Buluu Kiliisha Kwangu Tu

Mdogo wangu,

Nakuandikia hadharani kwa sababu ulinikana hadharani.

Unakumbuka Buffalo, baridi yetu ya kwanza ugenini, tulipoingia kwenye maonyesho ya picha ili tuote joto tu? Tulikuwa tumevaa kitenge kimoja tulichokikata, nusu wewe, nusu mimi. Ukutani palikuwa na picha za zamani za Wafaransa za kuwacheka watu na mavazi yao. Moja ilikuwa ya bibi tajiri na mtumishi wake, wote katika kitambaa kilekile cha maua, na mgeni amevua kofia anamwinamia mtumishi, akidhani ndiye bibi! Bibi mwenyewe kavimba nyuma yao kama andazi. Ulinisomea Kifaransa kilichoandikwa chini yake, maana shule ulimaliza wewe. Tulicheka mpaka mlinzi akatukodolea macho. Ukanishika mkono, ukaniita yaya, yaani dada mkubwa: "Yaya, sisi hata batuangalie namna gani, kitambaa ni moya."

Nililiamini neno hilo. Nilikulea tangu Mama alipofariki, nani mwingine ningemwamini?

Kwetu harusi husomwa kwa vitenge: jamaa ya bibi harusi kitambaa chao, wapishi chao. Kwa harusi yako nilitoka Columbus kwa basi hadi Louisville, nikakuta jamaa wamevaa buluu. Hata bosi wa mume wako, yule mzungu wa Jeffersontown, kashonewa shati la buluu. Mimi ukanipa kijani, kile cha wapishi. "Bleu iliisha, yaya. Bon, vala tu hii."

Nikavaa. Nikapakua sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Shangazi wa mume wako akakuuliza mimi ni nani, nami nimesimama palepale na sinia. Ukajibu bila kupepesa macho: "Ni mama moya wa Columbus, anatusaidiaka kupika."

Yule mgeni wa kwenye picha alikosea kwa kutojua. Wewe unanijua. Umenisaliti, mdogo wangu, na inaniuma mpaka leo.

Sasa umejifungua, unapiga simu: "Yaya, kuya na ngobo, umubebe mutoto." Kuwa ngobo, kitambaa cha kumbebea, nimekitoa kile kipande changu cha kitenge cha Buffalo, nimekifua, nimekipiga pasi. Nitakuja, mtoto hana kosa. Nitamfunga mgongoni kama nilivyokufunga wewe. Lakini shangazi akiuliza tena mimi ni nani, jibu kwa sauti, nikisikia. Ukinyamaza, nitamfungua mtoto nikupe, na kitambaa nitaondoka nacho.

Mbusu mtoto shavuni kwa niaba yangu.

Ni mimi,
mama moya wa Columbus