Mtani Wangu, Jabali Nimelipanda Peke Yangu

Selemani, mvivu usiye na mfano,

Nakuandikia kutoka Nachingwea. Ndiyo, nimekuja. Ile likizo tuliyoipanga tangu tukiwa vibarua wa reli, tukibeba magogo ya mataruma mabegani huku nyampara akitufokea, nimekuja kuitimiza mwenyewe. Nilitoka Nandagala kwa baiskeli mpaka relini, nikapanda garimoshi kama bwana mkubwa. Tulipopita pale tulipochunika viganja, niligeuka nikuambie, "Tazama, kipande chako kimepinda!" Nikamkuta mama mmoja na kuku wake.

Mji umepooza. Kilimo cha karanga kimewashinda Wazungu, wengi wamefunga mizigo, na majani yameota mpaka milangoni mwao. Mkahawa wa karibu na stesheni bado upo. Niliagiza chai mbili bila kufikiri. Yako ikapoa, nikainywa hivyo hivyo.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Homa ilipokuchukua masika yale, kwenu Nkowe walinisubiri mimi, mtani, nifike. Unaijua kazi yetu msibani. Nikavaa koti lako, nikachechemea kama wewe, nikalala mbele ya jeneza na kusema haendi mtu makaburini mpaka marehemu arudishe jembe langu. Watu wakacheka. Mkeo naye akacheka machozi yakimtoka, akasema, "Hamisi wewe, Mungu anakuona!" Wazee wakanishukuru kwa kuwapunguzia uzito. Wao walilia, wakapata nafuu. Mimi ningelia saa ngapi? Mtani akilia, nani atawachekesha wafiwa? Nikarudi nyumbani sijalia bado, na huko kwetu hakuna aliyenipa pole. Wananiona ni mchekeshaji tu.

Jana nikalipanda lile jabali tulilokuwa tukiliona kila asubuhi kutoka kambini, limekaa peke yake katikati ya pori. Uliapa kwamba utafika juu kabla yangu. Nilipumzika njiani zaidi ya mara moja, magoti si yale tena. Juu kuna upepo mwingi, na reli yetu unaiona nyembamba, inapotelea porini kuelekea pwani. Nikasimama, nikakutukana kwa sauti yangu yote: mvivu, mlafi, mla panya usiyebakiza hata mkia! Kisha nikangoja zamu yako.

Hukujibu, Selemani. Miaka yote hiyo hukuwahi kuniachia neno la mwisho, hata siku ile ulipokuwa na homa kitandani. Hapo ndipo nilipojua kwamba umekufa kweli. Nikakaa juu ya mwamba nikalia kama mtoto mdogo, kamasi na machozi pamoja, na hapakuwa na mtu wa kumchekesha.

Nimekukosa sana, ndugu yangu. Mji huu ni wa watu wawili.

Kesho naondoka. Nitapitia Nkowe, nikae kaburini kwako bila mzaha, kama rafiki tu. Halafu nitaingia kwa binti yako Zuhura, maana utani wetu sasa ni wake. Nitamwambia ni mvivu kama baba yake. Akinyamaza kwa heshima, nakuahidi nitamchokoza kila nikipita, mpaka siku atakayonitukana vizuri.

Pumzika, mtani wangu.

Hamisi